Mtoto wa Ukoo Mkubwa Aitwe Nani Katika Hadithi?

Mtoto wa tajiri anapoingia kwenye riwaya, jina lake humfikia msomaji kabla ya gari, kabla ya geti, kabla ya yaya. Hapo ndipo waandishi wanapogawanyika. Wapo wanaotaka jina lenyewe linukie fedha: Sultana, Prince, Ethan, Chantelle. Wapo wanaosema jina la kwanza liwe la kawaida tu, tabaka lijulikane kwa ubini, kwa lakabu na kwa namna watu wanavyolitamka. Naegemea upande huu wa pili, ila ule wa kwanza una hoja ambazo haifai kuzipita juu juu.

Hoja yao kubwa ni nafasi. Hadithi ya maneno 2,000 au tamthilia ya redio haina muda wa kupanga nasaba ya vizazi vitatu. Tena lugha yetu imeshalitwisha jina mzigo mwingine. "Akaingia, akaketi, akaomba maji." Ni wa kike au wa kiume? Kiambishi a- hakisemi. Ukimwita mtoto Nuru, Imani au Amani, msomaji anaweza kufika ukurasa wa pili akiwa na mvulana kichwani wakati wewe unaandika msichana. Kama jina ndilo linalotambulisha jinsia, wanauliza, kwa nini lisitambulishe na tabaka papo hapo?

Shida ni kwamba alama ya tabaka kwenye jina haidumu. Kelvin na Vanessa yaliwahi kusikika kama majina ya watoto wa geti kali. Leo utawakuta mitaa ya watu wa kawaida, Mbagala na Kayole, kama utakavyowakuta mitaa ya matajiri, Masaki na Runda. Jina la kigeni halilipiwi. Yaya akilipenda jina la mtoto anayemlea, na wake atampa lilelile. Riwaya iliyotegemea jina kama hilo huchakaa mapema kuliko karatasi yake.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye hadithi za zamani. Mwandishi anataka mtoto wa bwana mwenye mashamba wa Unguja ya miaka ya 1870, anafikiri vitu vya thamani, anaandika Almasi, Feruzi au Marjani. Amekosea tabaka zima. Majina ya vito na ya baraka, pamoja na Mabruki na Farajala, ni aina ya majina ambayo mabwana waliwapa watumwa wao. Msomaji anayeijua historia ya pwani akikutana na "Feruzi, mwana wa bwana" ataanza kutafuta siri ya uzazi ambayo mwandishi hakuikusudia. Leo msichana wa Dar es Salaam kuitwa Johari hakuna tatizo lolote. Kinachoamua ni mwaka.

Jina lilivyopanda na kushuka ngazi linaonekana kwa Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa taarabu aliyefariki mwaka 1950. Alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alilipata baadaye, sauti yake ilipokwisha kumfungulia milango ya mjini. Mwandishi anayetaka kumpandisha mhusika wake daraja ana mfano hai hapo: asimzae na jina kubwa, amwache alipate, na msomaji aone nani kampa.

Sasa watazame mabwana wenyewe. Watoto wa Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856, waliitwa Majid, Barghash, Khalifa, Ali. Binti yake aliyezaliwa mwaka 1844 aliitwa Salme. Ni majina mafupi, na mengine ungeyasikia hata kwa muuza samaki. Uzito ulikuwa kwenye "Sayyid" iliyotangulia na "bin Said" iliyofuata. (Huyo Sultan aliyemzaa Said lilikuwa ni jina lake hasa. Ukilitumia, mpe msomaji ishara mapema, la sivyo atadhani ni cheo.) Upande wa pili nao wana ushahidi hapa, na haki yao wapewe: sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1929 na kupinduliwa Januari 1964, aliitwa Jamshid, jina la mfalme wa visa vya Uajemi. Kwa hiyo jina la fahari lilikuwapo kasrini, ila halikuwa desturi. Nyumba ya hadithi inaweza kubeba Jamshid mmoja. Ikibeba watatu, inakuwa jukwaa la maigizo.

Bara ni hivyohivyo. Mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Ndiye Mwalimu Nyerere; Julius lilikuja kwa ubatizo mwaka 1943. Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais, ana jina la Muigai, ambalo ni la babu yake, aliyemzaa Jomo. Ukoo mkubwa hupenda kurudi nyuma kutafuta jina.

Basi anza na babu. Andika mwaka na mahali alipozaliwa mtoto, dini ya nyumba, ni mtoto wa ngapi, na nani mwenye haki ya kutoa jina. Kisha panda vizazi vitatu. Mvulana wa Mji Mkongwe wa mwaka 1938, baba ana mikarafuu Pemba: Khamis bin Nassor bin Hilal, kisha jina la kabila. Akika, yaani kumchinjia mtoto, siku ya saba, mbuzi wawili kwa kuwa ni wa kiume. Mjukuu wake wa leo kitambulisho kitamwandika majina matatu bila "bin". Kwa Wakikuyu kuna utaratibu usiochezewa: mwana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ukimpa mwana wa pili jina la babu mzaa baba, msomaji wa Nyeri atauliza yuko wapi wa kwanza, amekufa au yuko kwa mke mwingine.

Tahajia nayo hufanya kazi kubwa kimyakimya. Khamis na Hamisi ni jina moja, na vivyo hivyo Khadija na Hadija, Nassor na Nasoro, Seif na Sefu. Mama anaita ghorofani, "Khamis, njoo hapa." Mpishi aliyetoka bara anasema mlangoni, "Bwana Hamisi, chakula tayari." Sentensi mbili, na nyumba nzima imepangika bila kutaja fedha. Lakini tahadhari: tofauti hiyo ni ya mahali kabla ya kuwa ya tabaka. Mvuvi wa Pemba naye ni Khamis. Ukifanya kila maskini awe Hamisi, umewaonea wavuvi wa kisiwa kizima.

Kabla ya kuamua, lijaribu jina kwa "Mama" mbele yake, maana mzazi ataitwa kwa jina la mtoto kurasa zote. Majina yenye maana, kama Neema na Baraka, yasome mwanzoni mwa sentensi, ambako kila neno lina herufi kubwa: "Neema imetujia" na "Neema ametujia" hutenganishwa na upatanisho peke yake. Na usiwape ndugu wawili majina yanayoanza kwa herufi moja. Salim, Seif na Suleiman kwenye meza moja humchosha msomaji.

Kuna nyumba moja ambako jina la kelele ndilo sahihi: ya tajiri mpya. Baba aliyeanza na genge la nyanya akafika kwenye malori kumi anaweza kabisa kumwita mwanawe Prince, na hapo jina linaeleza kiu ya baba. Ila ukilichagua, liandikie na watu ambao halipandi mdomoni mwao. Bibi yake kule Machame hatamwita Prince. Atamwita kwa jina la marehemu mumewe, na mtoto, akisikia, ataitika.