Kabati limejaa sare, na bado mnaniletea nyingine

Ujumbe uliingia usiku kwenye kundi la WhatsApp la familia: picha ya kitambaa cha kijani chenye maua ya dhahabu, yadi 6 kwa dola 25, malipo mwisho Jumamosi, na asiye na sare asilalamike akikalishwa nyuma. Kisha mdogo wetu mmoja wa kamati ya ndoa akaniandikia pembeni: "Yaya, usitupatishe haya," yaani dada, usitutie aibu.

Haya! Benki za mji huu wetu wa mashariki mwa Kongo zilifunga milango mwaka 2025, watu wanakopa unga kwa jirani, lakini haya ya Bukavu nzima ni mimi kukosa maua ya dhahabu.

Sawa, sare inapendeza. Bamama wakishuka Nyawera wote rangi moja, hata mimi nasimama kutazama. Lakini fungueni makabati yenu. Langu lina sare ya ndoa ya binamu, sare ya kutoa kilio cha mjomba, sare ya kwaya, na zile za Machi 8, siku ya wanawake (kuna wanawake huku kwetu wanaoikataa ya Machi 8, wanasema hawawezi kucheza huku watu wanazikwa, hao siwabishii). Zote bado nzima, rangi haijapauka. Na hakuna hata moja inayonienea.

Kitambaa hakina kosa. Mwenye kosa ni mkasi.

Mama zetu walinunua yadi 6 hizo hizo, wakatoa libaya (blauzi), kikwembe (kitenge) cha kufunga na kingine cha juu. Kikwembe cha kufunga hakikuulizi umezaa wangapi: ukinenepa unalegeza, ukikonda unakaza, ukiondoka duniani binti yako anakifunga siku hiyo hiyo bila kutafuta sindano. Super Wax ya Vlisco, kitambaa cha kiwanda cha Helmond kule Uholanzi, ililala ndani ya valizi pamoja na nafutalini, haijaguswa na mkasi, na siku ya ada ya shule au ya hospitali ilitoka ikauzwa. Ilikuwa akiba ya nyumba. Sisi tunachukua kitambaa cha namna hiyo (au mwigo wake kutoka China, tusidanganyane), tunampa fundi akate robe (gauni) ya kubana hadi magotini, chini mikunjo kama mkia wa samaki, mgongoni zipu, na ubavuni anabakiza kitambaa cha upana wa ukucha. Ukizaa mtoto mmoja tu, au ukila vizuri mwezi mzima, robe hiyo umeiaga. Huwezi kuipanua maana hakuna cha kupanulia. Huwezi kuigeuza maana mikunjo imekula yadi nzima.

Mwambieni fundi abakize sentimita 3 kila ubavu na 5 kwenye pindo. Atakunja uso, atasema mshono utakuwa mzito. Uongo. Mshono ukifunguliwa na kupigwa pasi unalala, hata kwa pasi ya makaa. Anachoogopa ni kwamba mwakani utarudi kwake kupanua badala ya kushona mpya.

Najua, fundi naye ana watoto. Mwacheni ashone makoti na suti za bwana harusi, kazi ambazo mimi siziwezi. Lakini sketi? Foronya? Suruali ya mtoto ya lastiki? Mashini ya kukanyaga haiulizi kama SNEL wameleta umeme. Ipo kwenye nyumba nyingi za mitaa yetu ya Kadutu na Bagira, imefunikwa kitambaa, juu yake wameweka redio.

Na msianze na kitambaa kipya. Chukueni ile sare ya ndoa iliyowakataa, muifumue kwa wembe, pole pole, mshono kwa mshono, hadi irudi kuwa vipande. Vipigeni pasi. Vilazeni juu ya karatasi ya mfuko wa simenti mfuate ukingo, ongezeni pale palipobana, na hapo mna kipimo cha mwili wenu ambacho hakuna mtu wa kuwauzia. Chaki ya nini, kipande cha sabuni kilichokauka kinachora vizuri na kinatoka kwa maji. Kwa kufumua mtaona pia jinsi fundi alivyoficha makosa yake, na hilo lenyewe ni darasa. Kikiwa kitambaa kipya, kifueni kabla ya kukata: pamba husinyaa, na ule ugumu wa dukani ni gundi tu inayoondoka na maji.

Kuhusu kupanga kabati sina mengi. Zile video za makabati meupe yenye hanga za rangi moja ni za watu wengine. Wengi wetu tuna fimbo iliyovuka kona ya chumba, pazia mbele, valizi chini ya kitanda. Kwa mvua za Bukavu jambo kubwa ni kutoficha nguo yenye unyevu. Tengeni mfuko mmoja wa nguo za kutengeneza, na msinunue chochote kabla haujapungua.

Chaguwa, yaani mitumba, je? Nanunua, tena kwa furaha. Shati kubwa la mwanaume kwenye soko la Kadutu lina pamba nzuri, vifungo vyote, na linatoa kigauni cha mtoto. Majirani wa ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, walipandisha ushuru wake mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikawanyima nafasi ya kuingiza nguo zao kwake bila ushuru. Angalau waligombana kwa sababu walitaka kushona vya kwao. Sisi tuliolelewa ndani ya vikwembe vya Utexafrica na Sotexki, viwanda vya Kongo, tunagombania balo za mitumba.

Kisha tunawacheka wasichana wa kup-kutir, wanaosomea kukata na kushona. Hili linaniuma kweli. Msichana akishindwa hesabu, mzazi anasema "mpeleke kushona", kana kwamba kushona hakuna hesabu. Jaribuni kugawanya kiuno kwa 4, muongeze pensi (mkunjo wa kubana kiuno), muongeze na mshono, mlinganishe maua ya kulia na ya kushoto, halafu mkate kitambaa cha mtu ambacho hakina cha pili. Yule msichana anafanya hivyo mbele ya mteja anayempigia kelele. Ninyi wenye vyeti vya biashara na sheria hamwezi kurudisha kifungo, mnamtuma mtoto kwake na noti iliyochanika.

Jambo la mwisho, maana nimeudhika na hili pia: mabaki. Nani alisema yanayobaki ni ya fundi? Kwenye yadi 6 huwa kinabaki kitambaa cha kichwa, wakati mwingine na suruali ya mtoto. Pimeni mbele yake kabla hamjaacha kitambaa, na siku ya kuchukua nguo ombeni mfuko wa vipande. Akisema amevitupa, mwambieni awaonyeshe alipovitupa.