Pombe, Ngono na Saa 72: Mzazi Aambiwe Lini?

Mwaka 2019 Bunge la Tanzania lilishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Wapo wazazi ambao mpaka leo jambo hilo halijawaingia. Wanauliza: mtoto ambaye sheria inakataza hata kumuuzia bia, anaingiaje kwa daktari peke yake kuzungumzia ngono?

Swali hilo si la kubeza. Kujibu kwamba dunia imebadilika ni kulikwepa. Kwa sheria za nchi, anayefanya ngono nje ya ndoa na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alikubali. Pombe ikishaingia, huko kukubali kwenyewe hakuna maana tena. Kwa hiyo mzazi anayesema huduma ya siri inaweza kumfichia mkosaji, yaani yule mtu mzima aliyemnunulia binti vinywaji kwenye kigodoro, ile ngoma ya usiku ya mtaani, akaondoka naye usiku wa manane, anasema kweli. Mhudumu anayetoa dawa na kufunga faili bila kuuliza binti alikuwa na nani, kazi yake ameiacha nusu.

Tatizo la hoja hiyo, kwamba mzazi aambiwe kwanza, ni muda. Inadhani upo wa kutosha: mtoto akae na mama, baba apoe hasira, ndipo waende hospitali. Dawa za kinga ya VVU baada ya tukio, PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Kisha humezwa kwa siku 28.

Tuangalie mambo yanavyokwenda. Ni Jumamosi usiku. Jumapili binti anaamka kichwa kinamgonga, hakumbuki vizuri kama kondomu ilitumika. Jumatatu anamweleza rafiki yake. Jioni anakwenda duka la dawa, anasubiri wateja wapungue, ananong'ona: "Naomba P2." Analipa, anaondoka roho imetulia. Lakini P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba tu. Haizuii VVU, haizuii kisonono, wala klamidia, ambayo kwa wasichana wengi hukaa bila dalili huku ikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiharibu. Jumanne usiku saa 72 zimekwisha. Wengi hawaendi hospitali kwa kuogopa swali moja la mapokezi: "Mzazi wako yuko wapi?"

Wavulana nao tunawasahau. Wengi hunywa au kuvuta bangi kwanza ili kujipa ujasiri, katika umri ambao sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya jambo bado inakua. Hukamilika mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Mvulana naye anaambukizwa vilevile, na kliniki haimwoni kabisa.

Kuhusu marufuku, mimi niko upande wa wazazi. Viroba, yaani pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017, wapo waliosema ni kazi bure, watu watakunywa tu. Kiroba kilikuwa rahisi na kilitosha kwenye mfuko wa shati la shule. Kwa mtoto, bei na urahisi wa kupata ndiyo habari yenyewe. Ila marufuku hailindi mtoto ambaye tayari amekwishakunywa, na hao ni wengi. Wala ngono katika umri huo si ya wachache: wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kubeba mimba walikuwa asilimia 27 mwaka 2015/16, na mwaka 2022 bado walikuwa asilimia 22.

Kwa maoni yangu, kinachotakiwa kubadilika ni utaratibu. Dawa ya kwanza imezwe palepale, bila kusubiri PF3, ile fomu ya polisi, wala mzazi. Baada ya hapo mhudumu aulize kwa upole nani alihusika na pombe ilitoka wapi. Mzazi aambiwe siku hizohizo za mwanzo, maana siku 28 za vidonge ni ndefu kwa mtoto kuzibeba peke yake. Asiambiwe tu pale ambapo hatari yenyewe iko nyumbani. Hapo ni kazi ya ustawi wa jamii. Na wauzaji wa maduka ya dawa wafundishwe kuuliza, kabla ya kutoa P2, tukio lilikuwa lini. Kama saa 72 hazijafika, binti aelekezwe hospitali usiku huohuo.