Ukumbi wa watu mia tatu, ruta moja juu ya mlango

Jumamosi moja nilikaa kwenye kikao cha ushirika katika ukumbi mmoja pale Soweto, Mbeya. Watu kama mia tatu, na ruta moja imetundikwa juu ya mlango wa jikoni. Kila simu inaonyesha alama za mtandao zimejaa, lakini picha niliyotuma ilizunguka mpaka chai ikaletwa. Mwenye ukumbi, mzee ninayeheshimiana naye, ameshaulizia bei ya vifaa vya Wi-Fi 7, kizazi kipya cha mtandao huu usio na waya. Anataka kujua kama anunue.

Wanaomwambia anunue hawajakosea. Kwenye Wi-Fi ya zamani hewa ni moja na anayesema ni mmoja. Wengine wote wanangoja zamu. Wi-Fi 6, iliyoanza kupewa vyeti 2019, inaikata chaneli, yaani njia ya mawimbi, vipande na kuhudumia simu kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kwangu hilo lina maana kuliko spidi zinazoandikwa kwenye boksi. Wi-Fi 7, ya Januari 2024, inaongeza chaneli pana hadi MHz 320 katika bendi (kundi la masafa ya redio) ya GHz 6, na kifaa kinaweza kutumia bendi mbili kwa pamoja. Penye msongamano, iwe uwanja wa Sokoine siku ya mechi au mabanda ya Nane Nane kule viwanja vya John Mwakangale, ndipo teknolojia hii inapostahili bei yake.

Lakini sharti simu nayo iwe ya kizazi hicho. Nilizitazama zilizokuwa mezani kwetu: nyingi za miaka mingi, vioo vimepasuka, na baadhi zinajua GHz 2.4 tu, bendi yenye chaneli tatu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Simu ya namna hiyo ikiwa mbali inaongea polepole, inaishika hewa, na wenye simu mpya wanaisubiri.

Halafu kuna laini ya nje, ile inayoleta intaneti ukumbini. Mzee analipia Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Wagawie watu mia tatu, kila mmoja hafikishi hata kilobiti 70 kwa sekunde. Hakuna ruta ya kutibu hilo.

Mimi nilimshauri afunge vifaa vinne vya Wi-Fi 6 darini, kwa sababu miili ya watu nayo hunywa mawimbi, na juu ndiko kweupe. Nguvu ya kila kimoja ipunguzwe ili visipigiane kelele (hapa fundi wake alinitazama kama mchawi). Kila kifaa kivutiwe waya wake usiozidi mita 100, kutoka kwenye swichi ya mtandao (kisanduku cha kugawa nyaya) inayopitisha umeme ndani ya waya huohuo, na swichi iwe na betri, maana umeme wetu tunaujua. Chenji iende kwenye laini.

Angekuwa na gesti ningeanza na kuta. Tofali za kuchoma zinaidhoofisha GHz 5, na GHz 6 zaidi. Kifaa cha bei mbaya pale mapokezi hakimsaidii mgeni wa chumba cha mwisho.

Wapo wanaosema nunua 7 leo, simu zitakuja. Zitakuja kweli. Ila kifaa cha darini kinabadilishwa kwa dakika chache juu ya ngazi. Waya uliopitishwa vibaya unabomolewa na dari yake.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. “Mwenzangu wa barabara ya pili ameandika Wi-Fi 7 getini, maharusi wanamkimbilia. Sasa mwanangu, mimi kwenye bango niandike waya?”