Upweke Wenye Tarakimu

Juzi mpwa wangu wa miaka 16 aliposti picha yake, na baada ya dakika ishirini akaifuta. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu bila kuinua uso: "Mjomba, laiki kumi na moja tu. Ni aibu." Watu kumi na mmoja walikuwa wameipenda, naye aliiondoa kama mtu anayeficha karatasi ya mtihani aliofeli.

Wazee wenzangu hupenda kusema kwamba vijana ni wapweke kwa sababu hawaachi simu, kana kwamba upweke ulizaliwa mwaka 2007 pamoja na iPhone. Sisi nasi tulikuwa wapweke, ila upweke wetu haukuwa na tarakimu. Wenzetu walipokutana bila kutualika, tulisikia baada ya wiki, pengine hatukusikia kabisa, na kutojua huko kulikuwa stara kubwa ambayo hatukuwahi kuishukuru. Leo kijana hulala kitandani akiwatazama rafiki zake wakicheka kwenye stori, akajua walikutana saa ngapi na nani aliketi karibu na nani. Hutuma ujumbe, tiki zikageuka buluu, jibu lisije, na huku mwenzake anaonekana yuko hewani. Sidhani kama Facebook ilipoweka kitufe cha laiki mwaka 2009, au WhatsApp ilipoleta tiki hizo mwaka 2014, kuna aliyekusudia kumuumiza mtoto wa mtu. Hata hivyo kila mtoto alifunguliwa daftari la mahudhurio la mapenzi, na darasa zima likaruhusiwa kulisoma. Instagram, kwa huruma zake, iliruhusu mwaka 2021 hesabu za laiki zifichwe. Mwenye picha bado anaweza kuzihesabu, naye ndiye anayeumia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba utafiti haujanipa ushindi. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000, wakaona kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Nakubali pia kwamba wapo vijana waliopata mitandaoni rafiki wa pekee waliowahi kuwaelewa. Lakini mpwa wangu hakuumizwa na wingi wa saa. Ziliumiza dakika ishirini.

Australia, tangu Desemba 2025, imeitaka mitandao mikubwa iwazuie walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Mpwa wangu ameshatimiza 16, kwa hiyo kwa kipimo hicho amekwisha kupona.

Nilimwomba anitumie ile picha, akanitumia, nikamwandikia kwamba amependeza sana. Tiki ziligeuka buluu papo hapo. Leo ni siku ya tatu, na ninakiri kwamba nimeshaifungua simu mara kadhaa kutazama kama amejibu.