Wanaozishuku Kampuni Hawajakosea

Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp ilitangaza kwamba matoleo yajayo ya Terraform, programu ya kusimamia miundombinu ya seva iliyokuwa huria tangu 2014 (yaani yeyote aliruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza), yangetoka kwa leseni inayokataza kuitumia kushindana na kampuni hiyo kibiashara. Waliolalamika walionekana na wengine kuwa watu wasio na shukrani.

Lawama hiyo ina msingi wake. Kampuni ndiyo iliyolipa mishahara, na ilidai wapo wafanyabiashara wanaovuna jasho lake bila kurudisha chochote. Hata Linux, kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta na fahari ya programu huria, sehemu kubwa inaandikwa na waajiriwa wa kampuni kama Intel, Google na Red Hat.

Lakini mbona Intel haiogopwi kiasi hicho ndani ya Linux? Jibu limo katika karatasi ambazo wengi huzikubali bila kuzisoma. HashiCorp ilimtaka mchangiaji, hata wa marekebisho madogo, akubali kwanza mkataba ulioipa kampuni haki pana juu ya kazi yake, ikiwemo ya kuitoa kwa masharti mengine. Anayerekebisha hitilafu usiku, baada ya kazi yake ya mchana, hana wakili. Anabofya tu ili kazi yake ipokelewe. Siku ya kubadili leseni ilipowadia, hapakuwa na haja ya kumwuliza. Katika Linux, kinyume chake, hakimiliki imetawanyika: kila mchangiaji, au mwajiri wake, hubaki na yake, hivyo kubadili leseni kungehitaji ridhaa ya maelfu, wakiwemo warithi wa waliokwisha kufariki.

Redis nayo, kampuni yenye programu ya hifadhidata ya jina hilohilo, iliahidi mwaka 2018 kwamba kiini cha programu hiyo kitabaki daima chini ya BSD, leseni huria yenye masharti machache. Machi 2024 ikaiacha. Ndani ya siku chache ikazaliwa Valkey, nakala huria ya Redis inayoendelezwa kivyake, chini ya shirika lisilo la faida la Linux Foundation, ikiungwa mkono na Amazon, Google na Oracle (naam, Oracle ileile ambayo waandishi wa OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyokuwa mikononi mwake, waliikimbia mwaka 2010). Wenye shaka, basi, hawakukimbia fedha za kampuni. Walikimbia kampuni moja kushika funguo zote.

Mei 2025 Redis iliongeza leseni huria ya AGPL. Aliyekwisha kuhamia Valkey ana haki ya kuuliza ni nani anayeweza kuibadilisha leseni hiyo tena, na kwa matoleo yajayo jibu bado ni kampuni ileile.