Belo likishakatwa mikanda, hasara ni ya nani?

Kila mjadala wa kupiga marufuku mitumba ukiibuka, kidole huelekezwa soko la Karume, Dar es Salaam. Muuza mitumba ndiye aliyeua viwanda, ndiye anayejaza dampo la Pugu, ndiye anayetuvisha masalia ya wengine. Hoja hizi zina uzito. Pamba ya Simiyu na Shinyanga bado husafirishwa kwa wingi kabla haijasokotwa uzi, na kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968, hakikurudia nguvu zake. Na si bure Shirika la Viwango (TBS) lilikataza nguo za ndani zilizotumika.

Lakini viwanda vilishayumba kwa mitambo chakavu na umeme wa kubahatisha, na biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 mitumba haikuingia peke yake. Leo ukiiondoa, pengo litazibwa na tisheti mpya ya poliesta kutoka China, inayouzwa Kariakoo. Rwanda ilithubutu: mwaka 2016 ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasitisha kwa nguo zake nafuu ya AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda, zilizokuwa zimekubaliana nayo kuachana na mitumba ifikapo 2019, zikarudi nyuma.

Kisichozungumzwa ni belo lenyewe. Belo la kawaida ni furushi la kilo 45, limeshindiliwa kwa mashine na kufungwa mikanda, na mnunuzi hulipa bila kuona kilichomo. Anachoambiwa ni aina ya nguo na gredi, basi. Tisheti ya mtu mzima ina gramu 200 hivi, kwa hiyo belo hutoa kama 225. Tuseme kalinunua laki nne na nusu: kila moja imemgharimu 2,000, bado ushuru wa soko, mbebaji na pasi. Theluthi ikitoka na madoa ya kwapa, shingo zilizolegea au vinyuzi vilivyojiviringa, zimebaki 150 na kila moja sasa imesimama 3,000. Kumpandishia mteja hawezi, maana jirani yake aliyebahatika anauza kwa bei ileile. Kulirudisha ndiyo kabisa. Belo likishakatwa mikanda ni lako.

Na kitambaa chenyewe kimebadilika. Tisheti ya pamba ikishindikana kuuzika, hukatwa tambara la gereji, kwa sababu pamba hufyonza maji na grisi. Poliesta huisambaza tu, fundi haitaki. Ukitaka kujua uliyonayo, chomoa uzi uuchome kwa kiberiti: wa pamba hubaki jivu laini, wa poliesta huyeyuka ukawa punje ngumu. Iliyochanganywa na pamba au nyuzi za kuvutika ni vigumu mno kuirudisha kuwa uzi mpya, hata kwenye nchi zenye viwanda vya kazi hiyo. Huku inaishia mtaroni, na mvua ikinyesha, mto Msimbazi.

Kwa hiyo anayelaumiwa kuleta taka ndiye aliyeuziwa taka kwa bei ya nguo. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo chakavu kando tangu Januari 1, 2025. Kwao ni hatua njema, lakini nguo dhaifu zinazotafuta pa kwenda zitaongezeka. Ufaransa huwatoza watengenezaji ada ya kushughulikia nguo zikishachakaa tangu 2007, ada ambayo kwa sehemu kubwa hubaki hukohuko hata tisheti yenyewe ikifia Ilala. Hapo ndipo ningependa wabunge wetu wapige kelele, kuliko kumkimbiza machinga.

Huku bandarini lipo la kufanya. Kontena la futi 40 hubeba mabelo 500 na ushee. Yafunguliwe matano bila kuchaguliwa, nguo zihesabiwe, na kila belo liwe na lebo ya yadi iliyolifunga, yaani kituo cha nje kinachochambua na kufunga nguo, tarehe, na kiwango cha nguo mbovu kinachovumilika. Waagizaji watasema kontena likichelewa gharama za kuhifadhi zinapanda, na ni kweli. Ndiyo maana mkataba wa ununuzi useme mapema kwamba sampuli ikivuka kiwango, gharama hiyo na ya kurudisha mzigo ni ya yadi iliyoufunga.