Eti kunguru naye mwimbaji!

Jamani, wataalamu wa ndege wametukosea adabu. Kunguru huyuhuyu wa soko la Feri, Dar, mpora samaki, wamemweka kundi moja na ndege waimbaji! Sababu? Pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu, ana ala ya sauti yenye misuli chungu nzima, kama chiriku. Sawa, lakini kushika maiki si kuimba. Waulizeni wanaoishi jirani na kumbi za harusi.

Na wala si mwenyeji. Alitoka India, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka. Leo Dar nzima yake. Anajenga kwa vijiti na vipande vya waya, mwenye nyumba hamdai kodi ya miezi sita. Mayai matatu hadi matano, anaatamia siku 16 au 17, wiki tatu nne baadaye makinda yanaruka. Ukipita chini ya mti majira hayo, linda kisogo.

Wenzetu Australia wana mnyama wa kujivunia, kangaruu mwekundu. Mimba siku 33, mtoto hata gramu 1 hafiki, haoni, hana nywele, ila anakwea manyoya ya mama kwa mikono mpaka mfukoni, dakika kama tatu hivi. Anadaka chuchu, inamvimbia mdomoni asichomoke. Atakaa humo miezi kama minane, bure! Akihama bado anaingiza kichwa kunyonya, na mdogo wake kashaingia. Chuchu moja inatoa maziwa mepesi ya kichanga, nyingine mazito yenye mafuta ya mkubwa, kwa wakati mmoja. Huku kwetu bomba moja tu, na maji yenyewe mgao. Mimba nyingine nayo imeegeshwa tumboni, seli kama 100 tu, inangoja zamu. Halafu mdomo wa mfuko unabanwa kwa misuli. Vibaka wa Kariakoo wangekufa njaa.

Sisi tumebaki na mwimbaji. Unayeanika dagaa, tumia chandarua kisicho na dawa, ukiinue kwa vijiti; kikilalia dagaa, anadonoa hapohapo juu ya wavu. Pipa la taka liwe na mfuniko mzito, mwepesi anaufunua. Ukitega tundu la waya, weka kunguru hai awaite wenzake, na usisahau maji yake. Akifa kwa kiu, wa kuwaita hakuna, na utumbo wa kuku uliouweka wanakula paka.